Mahali Anapoonyeshwa Mkwe

Hawa binti Atumani alifika Kasongo siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, juu ya lori la pamba, na hakupita kwa mtu yeyote kusalimia. Kwa msichana aliyelelewa upande wa Wamaza, hilo peke yake lilikuwa tusi. Alikung'uta vumbi kwenye kitenge chake, akachukua fundo lake la nguo, akamshika mkono shangazi yake Mwavita aliyekuwa akilalamikia mgongo, akauliza njia ya ofisi ya wapimaji.

Hippolyte alikuwa peke yake ndani, ameinama juu ya meza ndefu, akichora. Alipoinua macho na kumwona mlangoni, kalamu ilibaki hewani. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akilala na kuamka na uso huo kichwani mwake. Sasa ulikuwa mbele yake, hatua sita tu, na haukutabasamu.

"Hawa," alisema. "Ni weye kweli? Karibu."

"Ni miye, karani."

Siku zote Hawa alimwita Polito, kwa sababu jina lake la ubatizo lilimshinda ulimi. Hippolyte alielewa kwamba kuna jambo. Lakini kama wanaume wengi waliofanya kazi nzuri na kusifiwa, alidhani jambo hilo linamhusu mtu mwingine.

"Baba iko mugonjwa?"

"Baba iko muzima."

"Basi ni nini?"

"Nimekuja kuona karte yako."

Shangazi Mwavita hakungoja kukaribishwa. Alivuta kigoda mpaka kizingitini, akaketi nusu ndani nusu nje, akafungua kifurushi cha karanga na kuanza kumenya. Msichana wa heshima hakai chumba kimoja na mwanamume bila mtu wa kumwangalia, na Mwavita alikuwa ameamua kuangalia kwa masikio tu.

Hapa inabidi tueleze kidogo kazi ya Hippolyte. Mwaka huo, 1956, pori la upande wa mto Luama lilikuwa limetengwa liwe hifadhi ya wanyama, na wakubwa walitaka watalii waje na magari yao kutoka Bukavu, wapige picha badala ya kupiga risasi. Ili watalii wasizunguke bure, ilitakiwa ramani, au karte kama walivyoiita wenyewe. Tembo wanakunywa wapi, nyati wanalala wapi, sokwe wanajenga viota vyao kwenye miti gani, na katika mwezi upi. Hippolyte, kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa katekista wa Kasongo, alitembea miezi mitano akiwa na dira, daftari na penseli. Hema lake alilipiga kijijini kwa Mzee Atumani, mwendo wa saa mbili kutoka Wamaza, na huko ndiko alikokutana na Hawa.

Mapenzi yao yalianza kwa ubishi. Siku moja Hawa alimletea sahani ya wali, akatupia jicho karatasi yake, akamwambia kwamba kijito fulani amekichora kikipanda mlima. Hippolyte alibisha. Kesho yake alikwenda kutazama, akarudi na matope mpaka magotini, akachukua kifutio na kufuta mbele ya kila mtu. Hawa alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila jioni karatasi ilifunguliwa uani, na Mzee Atumani, aliyejifanya anashughulika na mitego yake ya samaki, alikuwa akimtazama kimya kimya mwanamume anayekubali kuambiwa na mwanamke kwamba amekosea. Kijiji kizima kilijua mambo yanakoelekea kabla ya wenyewe kujua.

Pingamizi zilitoka pande zote mbili. Mama Émérance, mama yake Hippolyte, alikuwa na neno lake moja, na alilirudia asubuhi na jioni. "Mutoto wa katekista hawezi kuoa mu nyumba ya musikiti. Siku ya Noeli mutakaa mukitazamana?" Huko kijijini baba wadogo wa Hawa walisema kijana mwenyewe hajui hata kukaa vizuri juu ya mkeka, sembuse kusali. Mzee Atumani alinyamaza wiki tatu. Kisha asubuhi moja akamwambia Hippolyte amfuate msituni. Siku chache baadaye Hippolyte alirudi Kasongo kuchora ramani yake kwa wino, na wapenzi hawa hawakuonana tena mpaka Alhamisi hii.

"Njoo uone basi," alisema Hippolyte, na kweli alifurahi.

Aliondoa rula na vyupa vya wino. Karatasi ilikuwa ile nyembamba, angavu, inayopitisha mwanga. Mito ilikuwa ya buluu, vilima vya kahawia, na wanyama walikuwa na alama ndogo alizozibuni mwenyewe, duara kwa tembo, mraba kwa nyati, pembetatu kwa sokwe. Ilikuwa kazi safi. Hata Hawa, aliyekuja na hasira yake tangu kijijini, aliona kwamba ni safi, na jambo hilo lilimuumiza zaidi. Katikati palikuwa na duara jekundu kubwa kuliko mengine yote, na jina la mahali limeandikwa pembeni. Jina hilo halitaandikwa hapa, na msomaji ataelewa sababu.

Hawa aliweka kidole mahali hapo. "Hii ni nini?"

"Ni ile fasi baba yako alinionyesha. Hawa, unajua niliona tembo ngapi pale? Makumi tatu na saba, asubuhi moja. Wanalamba ule udongo wa chumvi, watoto wao katikati, hawana haraka. Bwana Goossens, mukubwa wetu, alipoona daftari yangu alisoma mara mbili. Kisha akasema, pale njo tutajenga nyumba ya watalii. Watakaa barazani, watakunywa kahawa, tembo mbele yao."

"Alisema vile."

"Alisema. Na miye nitakuwa mukubwa wa wachoraji wa hifadhi yote. Watanipa nyumba ya matofali. Hata mama yangu ataanza kusikia. Baba yako alinisaidia sana."

Mlangoni, sauti ya karanga ilikoma.

"Hakukusaidia," alisema Hawa. "Ile siku, mu njia, alikuambia nini?"

"Hakusema kitu. Tulipofika aliniambia nivue viatu."

"Ukavua."

"Nilivua."

"Kisha?"

"Alichota udongo kidogo na vidole, akanipa nionje. Nikaonja. Nilifikiri ni heshima yenu. Nikasema aksanti."

"Nani alikuwa pale?"

"Baba wadogo wako wawili. Walipiga makofi. Nilizani wanafurahi juu ya kazi."

Hawa alifumba macho. Siku mbili juu ya lori alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi, akapanga maneno yote ya kumwambia mwizi. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mtu asiyejua alichofanya, na maneno yake mengi hayakuwa na kazi tena.

"Sikia vizuri," alisema, "juu sitasema mara mbili. Ile fasi haionyeshwi mugeni. Haionyeshwi shefu wa kijiji. Hata miye sijaiona na macho yangu, juu miye ni binti. Kwetu inaonyeshwa mutoto mwanaume wa nyumba, na mukwe. Kuvua viatu ni kuomba binti. Kuonja udongo ni kupewa, na kufunga kinywa. Ile asubuhi njo tulioana, karani. Mengine yalibaki ni ya shehe na padri wako kugombana. Na weye ulirudi ku hema yako, ukachukua krayo, ukachora."

Hippolyte aliketi. Alimwona tena mzee akimtazama usoni kwa muda mrefu baada ya kile kionjo cha udongo, na yeye akimwuliza, kwa sauti ya kikarani, upande wa kaskazini uko wapi.

"Juu ya nini hakuna mutu aliniambia?"

"Nani angekuambia? Wakwe wote wa nyumba yetu walizaliwa karibu. Kwetu hata mutoto mudogo anajua. Baba hakufikiri kama kuko mutu muzima anaweza kula udongo bila kuuliza ni wa nini."

"Miye nilimuambia kaka yangu," alisema Shangazi Mwavita bila kugeuza kichwa. "Nilisema, hawa wa Kasongo wanakula kila kitu wanapewa."

Na hapo Hippolyte, katikati ya aibu yake, alifanya kosa jingine. Alitabasamu.

"Usicheke," alisema Hawa.

"Sicheki. Ulisema tulioana."

"Nilisema. Na ile njo mubaya kupita yote." Aligonga duara jekundu kwa kidole. "Kila binti, ni mume mumoja anaonyeshwa. Hakuna wa pili. Baba hawezi kuonyesha ile fasi mara mbili juu yangu. Kama mukwe alitoa siri, binti anabaki ku jiko ya mama yake. Shangazi ya baba alikaa vile mpaka alizeeka, mpaka alikufa, na alikuwa mwanamuke muzuri kupita miye. Watu wa lori walileta habari kwetu, wazungu watajenga kwa tembo. Baba amesema, gari ikifika pale na wazungu, miye sina mume na sitapata. Ulichora duara yako, ukaniweka miye ndani."

Hippolyte alimpenda Hawa. Tuseme hivyo waziwazi, kwa kuwa alichojibu hakikufanana na maneno ya mtu anayependa. Alijibu kama mfanyakazi.

"Lakini hii karte ni ya kuwachunga wale tembo. Mu hifadhi hakuna bunduki, hakuna mutego. Mutu akiwagusa anafungwa. Watoto wetu watawakuta."

"Baba ni muwindaji. Baba yake alikuwa muwindaji. Tangu babu ya babu yao, hakuna mutu wa nyumba yetu aliua munyama pale. Ngojea, nikuulize. Ulihesabu makumi tatu na saba. Ku fasi ingine, mu miezi yako mitano, ulipata tembo ngapi pamoja?"

"Tisa," alisema Hippolyte. "Siku moja, kumi na moja."

"Na pale, juu ya nini wako wengi vile?"

Alikuwa amejiuliza swali hilo mwenyewe. Katika ripoti aliandika kwamba ni kwa sababu ya wingi wa chumvi.

"Juu hakuna mutu anajua fasi," alisema Hawa. "Njo hifadhi yetu. Haina karte."

Hippolyte alitazama saa ya ukutani. Lori la kwenda Bukavu lilikuwa liondoke saa sita na karatasi hii ndani ya bomba lake la bati. Bwana Goossens alikuwa amekwenda posta, na angerudi wakati wowote kutia sahihi. Bado kulikuwa na nafasi ya kuitoa ile alama, lakini aliyeitoa angepaswa kueleza.

"Nikiitoa, watanifukuza," alisema polepole.

"Najua."

"Unataka niitoe?"

"Hapana."

Hippolyte alimtazama asielewe.

"Sikuomba," alisema Hawa. "Ukiitoa juu yangu, siku tutagombana utanitupia usoni. Utasema, nilipoteza kazi juu yako, nilipoteza nyumba ya matofali juu yako. Sitaki ile maneno mu nyumba yangu. Mwenye kuonja udongo ni weye, si miye. Nilikuja kukuambia ulionja nini. Nimekuambia."

Macho yao yalikutana, na Hippolyte aliona kwamba alikuwa amelia, pengine jana, pengine njia nzima, na kwamba alikuwa amenawa uso mahali fulani kabla ya kuingia ili asionekane. Alitaka kumshika mkono. Hawa aliuficha mkono ndani ya kitenge, akatoka barazani, akasimama akitazama barabara ya miembe kama mtu anayengoja gari.

Hippolyte alibaki na ramani yake. Isemwe kweli, hakuwaza Hawa kwanza. Aliwaza nyumba ya matofali, na mama yake akikaa kwenye baraza ya sementi. Kisha aliwaza duara lenyewe. Katika miaka minne ya kazi alikuwa amefuta mambo mengi, mito iliyopinda vibaya, vijiji vilivyohama, lakini kila alichokifuta kilikuwa kosa. Duara hili halikuwa kosa. Lilikuwa mahali pake hasa, hata hatua mia halikupotea. Mwishowe aliwaza yule mzee aliyempa vitu viwili alivyovipenda kuliko vyote kwa asubuhi moja, tena bila kumwekea masharti, kwa kumwamini tu. Hapo akaona haya kiasi cha kutamani kujificha chini ya meza.

Alifungua droo, akatoa wembe.

Wino haufutiki kwa kifutio kwenye karatasi ya namna ile. Unakwanguliwa kwa ncha ya wembe, kidogo kidogo, mkono mwepesi, kisha unasuguliwa kwa ukucha ili karatasi isiote manyoya. Alianza na jina, herufi moja baada ya nyingine. Akaingia kwenye duara. Alichana pia ukurasa wa daftari wenye vipimo vya mahali pale, akautia mfukoni vipande vipande. Alikuwa akipuliza vumbi jekundu la mwisho wakati viatu vya Bwana Goossens viliposikika barazani, vikasimama kidogo kungoja Shangazi Mwavita apishe, naye hakujisogeza, kisha vikaingia.

Bwana Goossens hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda tembo kwa dhati, na Hippolyte alimpenda karibu vile vile. Aliinama juu ya ramani akiwa tayari na kalamu ya sahihi, akatazama, akatazama tena.

"Tembo yangu iko wapi?"

"Nimewatoa, Bwana."

"Ulikosea fasi?"

Swali hilo lilikuwa rahisi, ila lilikuwa na mtego. Angesema amekosea fasi, angeambiwa arudi akapime upya. Hippolyte alisimama wima, mikono nyuma.

"Hapana, Bwana. Hakuna fasi. Nilibuni."

"Ulibuni nini?"

"Tembo. Ile makumi tatu na saba. Sikuwaona. Nilitaka kukufurahisha."

Nje, Hawa aligeuka kutoka barabarani.

"Weye?" alisema Bwana Goossens. "Weye ulirudi Wamaza siku nne na miguu juu ya kupima kijito kimoja. Weye uandike uwongo?"

"Niliandika, Bwana."

"Nitazame. Hippolyte, nitazame. Ulibuni?"

Hippolyte alimtazama. Maishani mwake hakuwahi kuweka kwenye karatasi alama moja ya uongo, na watu wa ofisi ile, weupe kwa weusi, walikuwa wakibishana juu ya kila kitu isipokuwa vipimo vyake. Ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

"Nilibuni," alisema.

Bwana Goossens alivua miwani. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. Alipitisha kiganja juu ya karatasi nzima, juu ya mito na vilima na viota vya sokwe vyote.

"Basi na hii yote siwezi kuituma. Nitajua aje zingine ni za kweli? Miezi mitano." Aliviringisha karatasi taratibu, akaitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Nitatafuta mwingine, aanze upya, upande wa mto. Acha dira juu ya meza. Na daftari. Siku ya lundi, wiki ikianza, usikuje."

"Ndiyo, Bwana."

"Juu ya nini ulisema leo? Ungenyamaza, ningetia sahihi."

Kila jibu la kweli lilikuwa na jina la mahali ndani yake. Hippolyte aliweka dira juu ya meza, akaweka daftari kando yake, akachukua kofia yake, akatoka.

Barazani jua lilikuwa limepanda. Hawa alikuwa amesimama pale pale, na kwa namna alivyokuwa ameshika nguzo ilionekana kwamba alisikia kila neno. Shangazi Mwavita aliendelea na karanga zake, lakini alikuwa amezimenya zote na sasa alikuwa akichezea maganda.

"Ulimuambia weye ni muongo," alisema Hawa.

"Ndiyo."

"Ungesema tu umekataa kuonyesha ile fasi. Angekufukuza na heshima yako."

"Angetuma watu wengine kuitafuta. Mutu hatafuti kitu hakiko."

"Kasongo yote itajua leo. Watasema karani anabuni wanyama."

"Watasema."

"Na mama yako."

"Mama atasema ni juu ya musikiti."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wa Hawa ulitaka kucheka, akauzuia. Hippolyte alikuwa ameshuka ngazi mbili; Hawa alishuka moja, wakawa sawa kwa urefu. Hippolyte alikuwa hana kazi, hana jina, na mfukoni alikuwa na vipande vya karatasi vya kwenda kuchoma. Hakukumbuka kama aliwahi kuogopa jibu la mtu kama alivyoogopa jibu la msichana huyu.

"Sikufanya juu yako," alisema. "Nilifanya juu ya baba yako. Lakini nakuuliza weye. Umenisamehe?"

"Hapana."

Aliinamisha kichwa. Hawa aliinama pia, akaokota fundo lake la nguo alilokuwa ameliacha barazani alipofika, akamwekea mikononi.

"Ile ni kazi ya miaka mingi," alisema. "Haifanyiki juu ya baraza ya watu. Nitaifanya mu nyumba yako, pole pole, kila siku. Beba, tuende kwa mama yako."